Sahani ya Watu

Kitu cha kwanza Profesa alichokidharau dukani kwangu kilikuwa saa ya ukutani. Alisimama mlangoni, akaitazama, akatazama ya mkononi mwake, akasema moja kati ya saa hizi mbili inasema uongo na kwamba yake ilinunuliwa Ulaya. Nikamwambia yangu ilinunuliwa sokoni hapa hapa na haijanichelewesha hata siku moja. Akacheka, akaketi kwenye kiti cha plastiki kilichoko kando ya mashine ya fotokopi, na kwa miaka kumi na mmoja iliyofuata akaketi hapo hapo kila Alhamisi. Baadaye niligundua kwamba saa yake ndiyo iliyokuwa nyuma kwa dakika ishirini, na kwamba alijua.

Duka langu liko Nyakabiga, mjini Bujumbura, karibu na chuo. Watu wanaliita sekretaria: tunapiga chapa, tunatoa fotokopi, tunajalidi. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wanaoleta memwari, ile kazi ndefu ya kumalizia masomo, nami nimezipiga chapa nyingi mno. Najua habari za mmomonyoko wa udongo, za sheria ya ndoa, za mbu na za bei ya kahawa, ila shahada sina hata moja. Profesa alipenda kuniambia kwamba nikipewa shahada kwa kila memwari iliyopita mikononi mwangu, yeye atanibebea mkoba.

Alikuwa amestaafu. Alifundisha jiografia miaka mingi, na sasa alikuwa akiandika alichokiita mawazo ya kila siku. Ukimwambia ni kitabu alikasirika. Kitabu, alisema, kina mwanzo na mwisho, na yeye hana haraka na vyote viwili. Yalikuwa mambo ya safari, ya michezo na ya utotoni, ameyaandika katika madaftari ya shule kwa mwandiko ambao kuku angeuonea aibu. Kwa sababu hiyo alikuja mwenyewe kunisomea nami nikapiga chapa. Na aliandika kwa Kiswahili. Nilimuuliza sababu, maana maprofesa ninaowajua mimi hata kupiga chafya wanapiga kwa Kifaransa. Akanijibu kwamba Kifaransa ni cha kazi, Kirundi ni cha mama yake, lakini alipokuwa mtoto alicheza kwa Kiswahili, na mambo haya ni ya mchezo.

Mimi ni mtu wa Uvira, upande wa Kongo. Nilivushwa mpaka na mama yangu nikiwa mdogo, na Kiswahili changu kilivuka nami. Chake kilikuwa cha Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa mjini, kilichopigwa pasi na vitabu. Kwa hiyo alinisahihisha nami nikamsahihisha, na ukurasa mmoja ungeweza kutuchukua asubuhi nzima. Wanafunzi waliokuwa wakingoja kwenye foleni waliegemea ukuta. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia aharakishe.

Walimwogopa hata baada ya kustaafu, na sababu ninaijua. Profesa hakupenda kuandika alama kwenye kazi ya mwanafunzi. Aliandika neno moja kwa kalamu nyekundu, nalo ni "Bado." Unaipeleka kazi, inarudi: Bado. Unairekebisha, unaipeleka tena: Bado. Siku moja aliingia dukani bwana mmoja mwenye kitambi na gari zuri, mkubwa wa ofisi fulani, anayekaa kule juu Kiriri kwa wakubwa. Alitaka fotokopi ya hati ya kiwanja. Alipomwona Profesa kwenye kile kiti cha plastiki aliitupa sigara yake mtaroni na kusimama wima. Walisalimiana. Alipoondoka nilimuuliza Profesa huyo ni nani, akasema ni Bado mara nne. Ya tano akamwandikia Sawa, na yule bwana, kwa maneno ya Profesa, alilia kuliko alivyolia kwenye Bado zote nne.

Kuhusu safari alikuwa na imani zake, na ukizipinga unakuwa adui. Kupanda basi la kwenda mikoani ni lazima ukae dirishani, upande ambao utawaona vijana wa baiskeli wanaojishika nyuma ya malori kupanda mlima. Kabla ya soko la Bugarama usile kitu, kwa sababu pale karoti na kabichi zinakufuata mpaka dirishani, na mtu aliyeshiba hawezi kuwa na adabu mbele ya karoti. Usimwulize dereva tutafika saa ngapi. Alisema kama angezaliwa mara ya pili angejifunza ile kazi ya baiskeli badala ya kuandika tasnifu, kwa sababu wale vijana wanaijua milima kwa miguu yao, na yeye aliijua kwa penseli za rangi.

Aliwacheka sana watu wanaosafiri na mizigo mingi. "Mutu wa mizigo mingi," alikuwa akisema, "anaogopa kule anaenda." Lakini yeye mwenyewe hakusafiri bila mto wake wa kulalia, chupa ya chai, na sahani moja ya bati. Mto na chai niliviona ni mambo ya uzee. Sahani ilinishinda.

Profesa wa jiografia alikuwa pia akipotea. Si porini, la. Alipotea Kinindo, kwenye mtaa aliokaa miaka ishirini na kitu, baada ya barabara kuchimbwa na uzio wa jirani kupakwa rangi mpya. Alinipigia simu, mimi, mtu wa Nyakabiga, aniokoe. Nikamuuliza anaona nini. Akasema anaona ziwa. Nikamwambia basi lipe mgongo utembee. Alifika kwake. Alhamisi iliyofuata alinisomea ukurasa mzima kuhusu umuhimu wa ziwa Tanganyika katika kumwelekeza msafiri, na jina langu halikuwemo.

Michezo yake ilikuwa miwili. Wa kwanza ulikuwa kwenda ufukweni jioni kuhesabu viboko. Alikaa mbali kwenye kiti cha kukunja, akaandika kwenye daftari wangapi wametoka, na kama hawakutoka aliandika hivyo pia. Nilimuuliza hesabu hiyo ni ya nani. Alisema ni ya viboko, siku wakiitaka.

Wa pili ulikuwa dama. Nyuma ya duka langu kuna gereji ndogo ya fundi mmoja kutoka Buyenzi, mtu wa sala tano na mikono ya mafuta, ambaye alilitengeneza gari la Profesa mara nyingi hivi kwamba mwenyewe alisema lililobaki la kiwandani ni honi. Wakati gari liko juu ya mawe, wawili hao walicheza dama kwa vizibo vya chupa, vya bia kwa Profesa na vya soda kwa Fundi, kila mtu na dini yake. Fundi alimshinda karibu kila siku. Profesa hakuwahi kukubali kwamba ameshindwa. Mara joto lilikuwa kali, mara kizibo kilikuwa kimepinda, mara alikuwa akiwaza jambo. Fundi alipanga upya vizibo na kumwambia, "Muzee, leo pia joto?" Na Profesa alijibu kwamba hata jana.

Sasa nirudi kwenye sahani, kwa sababu bila sahani sioni sababu ya kuandika habari zake.

Ilikuwa sahani kubwa ya bati, nyeupe, ukingo wa buluu, imebanduka rangi mahali pawili. Ukienda kwake Kinindo uliiona juu ya kabati la vitabu, safi, haina kitu. Hakuna aliyeruhusiwa kulia chakula ndani yake. Marehemu mkewe aliwahi kumwandalia maparachichi ndani yake, katika mwaka wao wa kwanza wa ndoa, na Profesa hakusema neno siku mbili. Tangu hapo kila aliposafiri aliibeba, asije mtu akaitumia nyuma yake. Imefika Ulaya mara sita. Mara moja, kwenye uwanja wa ndege wa huko, ofisa alimuuliza kama vitu vyote vilivyomo sandukuni ni vyake. Ni swali ambalo watu wote duniani wanalijibu kwa ndiyo. Profesa akasema apana, sahani si yangu. Ya nani? Ya watu. Watu gani? Walimweka kwenye chumba kidogo saa nzima, sahani inapitishwa kwenye mashine mara ya tatu, na yeye akiwaeleza habari za Idi ya mwaka ambao wale maofisa walikuwa bado hawajazaliwa.

Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi, baba yake alipata kazi mjini, na familia ikatoka milimani ikapanga chumba Buyenzi. Walikuwa Wakristo wageni katikati ya Waislamu wenyeji. Siku ya Idi, mama mwenye nyumba ya jirani akawaletea pilau ya nyama. Aliyeibeba alikuwa binti yake, Zuhura, mkubwa kwa Profesa kwa miaka miwili mitatu, ambaye ndiye aliyekuwa akimfundisha kuongea Kiswahili kwa kumcheka. Walikula. Mama yake Profesa akaiosha sahani na kuiweka kando. Kule kwao milimani kikapu kilicholetwa kikiwa na kitu hakirudi kitupu, na uswahilini ni hivyo hivyo kwa sahani, hilo nadhani sihitaji kulieleza. Lakini mwezi ule hawakuwa na kitu cha kuweka. Mama akasema tungoje maharagwe yavunwe nyumbani. Kabla hayajavunwa, baba akahamishwa kazi. Lori likaja asubuhi, wakapakia kila kitu haraka haraka, na kule walikofika, walipofungua nguo, sahani ikatoka katikati ya mashuka.

Mama yake aliketi chini akashika kichwa. Watasema tumekula tukaiba na sahani, alisema. Alilisema tena na tena, miaka na miaka, na siku za mwisho za uhai wake akamkabidhi Profesa ile sahani kama wengine wanavyokabidhiwa shamba.

Hadithi hiyo nimeipiga chapa mara tatu. Kila mara alikuja na daftari jipya, akidai ile ya kwanza haikuwa nzuri, na kila mara aliishia mahali pale pale: mama ameshika kichwa. Kisha alisoma mstari wa mwisho, ambao ulikuwa "Sahani: bado." Tukapumzika, tukanywa chai ya tangawizi, na Alhamisi iliyofuata akaleta habari za karoti.

Kutoka Kinindo mpaka Buyenzi si safari. Kwa teksi hata nywele hazikauki. Mtu aliyefika Ulaya mara sita na sahani ya watu mkobani hakuwahi kufika Buyenzi hata mara moja, na hata gari lake lilipohitaji vipuri, ambavyo mji mzima unavinunua Buyenzi, alimtuma Fundi. Nilimuuliza kwa nini, si mara moja. Mwishoni akanipa hesabu yake. Sahani iliyochelewa mwaka mmoja inarudi na maharagwe. Iliyochelewa miaka kumi inarudi na mchele na kuku. Iliyochelewa miaka thelathini inahitaji mbuzi na maneno ya kuombea radhi. Na ya miaka sitini na zaidi? Alikuwa bado akitafuta cha kuweka, na kadiri alivyotafuta ndivyo ilivyozidi kuchelewa, na kadiri ilivyochelewa ndivyo kilivyozidi kukosekana. Nikamwambia hesabu hiyo anaweza kuifanya profesa tu. Mtu wa kawaida angekuwa amekwisha kwenda na kilo ya sukari. Hakucheka.

Halafu ikaja habari ya Canada. Binti yake anakaa huko na watoto wake, na alikuwa na haki ya kuogopa: baba peke yake, shinikizo la damu, ngazi za nyumba, gari la honi. Nyumba ya Kinindo ikapata mpangaji. Tiketi ikaletwa, ya kwenda tu. Profesa aliniambia habari hiyo huku akiitazama saa ya ukutani, na nilipouliza tarehe nikaona wiki tano zimebaki. Niseme ukweli, niliumia. Nilikuwa nimezoea kugombana naye. Nilimwambia tu kwamba huko kuna baridi, akasema amesikia.

Alhamisi iliyofuata alileta daftari la mwisho. Ilikuwa tena sahani. Alisoma, nikapiga, tukafika kwa mama aliyeshika kichwa, akavuta pumzi asome ule mstari, nami nikaondoa mikono kwenye kompyuta.

"Hiyo sipigi tena," nikasema.

"Mama Dorika, piga tu. Ni maneno mawili."

"Apana. Wanafunzi wako ulikuwa unawarudishia kazi waende wakaimalize. We nani amekurudishia?"

Akalifunga daftari. Wanafunzi wawili waliokuwa wakingoja wakajifanya wanasoma bango la bei. Hapo nikamwambia nililokuwa nimelifanya, na nilijua linaweza kumkasirisha: nilimuuliza Fundi. Nilimwambia Fundi jina, Zuhura, na barabara, na habari za mama aliyekuwa na nyumba ya kupangisha karibu na msikiti. Fundi hakuhitaji hata kufikiri. Bi Zuhura yupo, wanakaa barabara moja, anasali kwenye kiti kwa sababu ya magoti, na ulimi wake una afya kuliko magoti.

Profesa alishika magoti yake mwenyewe. Nilimwona anazeeka mbele yangu kisha anarudi kuwa wa miaka minane.

"Miaka sitini na kitu," akasema. "Mutu anaingia namna gani kwa watu kuwaambia nimeleta sahani?"

"Anapiga hodi, Profesa. Wanamwambia karibu."

"Na ndani naweka nini?"

Nikamuuliza mama yake alitaka kuweka nini. Swali hilo, mtu mwenye akili zote zile, hakuwahi kujiuliza. Siku mbili baadaye alipanda basi la milimani, dirishani, upande wa baiskeli, akaenda mpaka kwenye shamba la mama yake ambalo sasa analilima mpwa wake, akarudi na maharagwe ya njano kwenye mfuko wa kitambaa. Alikuja kunionyesha. Aliyachambua juu ya meza yangu, moja moja, akaniachia mawe na maganda.

Tulikwenda Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, yeye, mimi na Fundi. Profesa alivaa suti. Sahani alikuwa ameipakata, imefunikwa kitambaa cheupe, na kwenye teksi hakuzungumza habari za jiografia wala za kitu kingine. Tulipoingia Buyenzi, kati ya mafundi waliolala chini ya magari na watoto na maduka ya vipuri, alimwomba dereva apunguze mwendo. Kisha akamwomba asimame kabisa. Nilidhani anataka kurudi. Kumbe alitaka kushuka afike kwa miguu.

Bi Zuhura alikuwa barazani, mwembamba, mtandio wa kijani, anachambua mchele. Fundi akatoa salamu na kueleza kidogo. Profesa akasogea mbele, akaishika sahani kwa mikono miwili, na yale maneno aliyokuwa ameyatunga wiki nzima yakamkimbia yote. Akasema tu, "Dada Zuhura, nimeleta sahani yenu."

Bi Zuhura akaondoa kitambaa, akaangalia maharagwe, akaangalia ukingo wa buluu, akamwangalia Profesa kuanzia viatu mpaka mvi.

"Sahani?" akasema. "Sahani tulikuwa nazo mingi. Hiyo mi siikumbuki hata kidogo."

Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Miaka yote ile, viwanja vya ndege, mkewe na maparachichi, na mwenye sahani haikumbuki sahani. Lakini bibi yule alikuwa hajamaliza. Aliweka ungo wa mchele chini.

"Nyinyi ndio nawakumbuka. We mutoto ulikuwa unasema kiswahili kama mutu anatafuna mawe. Mulihama asubuhi moja bila kusema kitu. Mama alikaa na hilo neno mpaka Mungu anamuchukua. Kila Idi anasema, labda ile pilau niliitia chumvi mingi. Labda wale watu nyama yetu iliwachukiza, njo maana wakaenda bila kuaga."

Profesa alimsogelea. 

"Ilikuwa tamu, Dada," akasema. "Ilikuwa tamu sana. Tuliramba sahani. Mama alitukataza, alafu na yeye akaramba."

Bi Zuhura akaweka mkono kifuani. Alisema alhamdulillah, polepole, akairudia, na nilijua haisemi kwa ajili yake, anaisema kwa ajili ya mama yake. Mimi nililia na sioni aibu kuandika hivyo. Fundi alikwenda kuangalia pikipiki ya mtu ambayo haikuwa na tatizo lolote. Akina mama wawili, nyumba mbili zilizoshikana ukuta, kila mmoja alikufa akidhani amemkosea mwenzake, na katikati yao ilikuwa sahani tupu.

Tuliketi mpaka jioni. Wazee wale wawili waligombana kuhusu mahali kilipokuwa kisima, nani alikuwa na mbio, na kama kweli Profesa aliwahi kuanguka kwenye mtaro. Bi Zuhura alishinda yote, na kwa mara ya kwanza sikumsikia Profesa akisingizia joto. Tulipoinuka kuondoka, bibi akajishika ukuta, akaingia ndani. Tulimsikia akimwaga maharagwe kwenye beseni, kisha maji, kisha sufuria likifunuliwa. Alitoka na ile sahani ya bati, imejaa vitumbua vya moto, akaiweka mikononi mwa Profesa.

Profesa aliiangalia kama mtu aliyerudishiwa kazi.

"Dada, mi naenda Canada," akasema. "Wiki mbili zinakuja. Siendi kutembea. Naenda kukaa."

"Nenda salama," akasema Bi Zuhura. "Lakini hiyo sahani si yako."

Kwenye teksi tulikula vitumbua vyote, na dereva tukampa viwili. Profesa alikuwa akicheka peke yake. Aliondoka tarehe ile ile ya tiketi. Kwenye simu alinieleza kwamba huko theluji inaanguka kimya, jambo ambalo kwa mtu wa mvua za Bujumbura ni uhaini. Simu zikapungua, kama zinavyopungua za watu wote walioko mbali. Kiti cha plastiki wakakikalia wanafunzi. Fundi alijaribu kunifundisha dama, akakata tamaa, akaniambia mimi nashindwa bila sababu, afadhali mzee alikuwa na sababu.

Miezi tisa ilipita. Alhamisi moja, karibu na mwisho wa Ramadhani, nilikuwa nimeinama kwenye memwari ya mtu kuhusu samaki wa mukeke nikasikia mtu anasema kwamba moja kati ya saa hizi mbili inasema uongo. Alikuwa mlangoni, amekonda, amevaa koti zito katika joto letu, sanduku moja mkononi. Hakuwa na mto. Nikamuuliza binti yake anajua yuko wapi. Akasema anajua, walikwisha kugombana na kupatana: alimweleza kwamba ana kitu cha watu, na binti, ambaye ni mjukuu wa yule mama aliyeshika kichwa, akamkatia tiketi ya kwenda na kurudi. Kwenye uwanja wa ndege walimuuliza tena kama kila kitu sandukuni ni chake. Safari hii walimwachia haraka, alisema, kwa sababu alikuwa na anwani ya mwenye sahani.

Akafungua sanduku juu ya kaunta yangu. Sahani ilikuwa katikati ya nguo, na ndani yake makopo mawili ya asali ya huko, ambayo alidai haikutengenezwa na nyuki bali inatoka kwenye mti. Fundi, aliyekuwa amekuja mbio kutoka gereji, alisema asali ya mti ni uongo wa kisomi na kwamba Bi Zuhura ataiamua. Walikuwa wameshaanza kugombana kabla hawajapeana mikono.

"Ngoja kwanza," Profesa akasema, akaketi kwenye kiti chake. Mwanafunzi aliyekuwa amekikalia alikuwa amesimama muda mrefu bila kuambiwa. "Mama Dorika, ile kazi yangu unayo?"

Ninayo. Sijawahi kufuta kitu cha mtu. Nikaifungua, nikashuka mpaka mwisho, kwa mama aliyeshika kichwa, ambapo nilikuwa nimekataa kuendelea. Akaanza kunisomea bila daftari. Barazani, mtandio wa kijani, chumvi nyingi, tuliramba sahani, vitumbua. Nilipiga haraka nilivyoweza, macho yakinisumbua. Alipofika kwenye makopo ya asali akanyamaza.

"Na mwisho?" nikauliza.

"Weka ule ule."

Nikaupiga, maneno yake mawili, nikautoa ukurasa na kumpa. Aliushika mbali na macho, akausoma kuanzia juu hadi chini, huku mkono mwingine ukipapasa mfukoni mwa koti hadi ukaipata kalamu nyekundu. Akaifungua. Akapitisha ncha yake juu ya mstari wa mwisho, "Sahani: bado," hakuona cha kusahihisha, akaifunga kalamu.

Nikafunga duka twende Buyenzi. Wanafunzi niliwaambia warudi kesho.